Shemeji anataka niuze kanga za India kama kanga za Kenya

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina duka la kanga na vitenge hapa Ngamiani, mwaka wa tisa sasa. Nilianza na meza kwenye baraza ya mama yangu, doti kumi na mbili tu, nazo nusu za kukopa. Leo nina rafu mbili za ukutani na kijana wa kunisaidia. Miaka yote hii nanunua Kariakoo, korija mbili tatu, napakia kwenye basi, kesho yake nafungua dukani.

Wateja wangu wanataka kanga za India. Wakishika ya kwetu wanaikunja pindo, wanainusa, wanarudisha. Ile ya India Kariakoo naipata kwa 16,500 doti moja, nauza 19,000. Toa nauli, kodi ya fremu, mshahara wa kijana, na wale wanaosema "niandikie, mwisho wa mwezi", kinachobaki ni kidogo sana.

Mwishoni mwa mwaka jana mwenzangu mmoja wa Pangani alinipa namba ya wakala wa kiwanda huko Jetpur, India. Nikaandikiana naye kwa WhatsApp. Bei aliyonipa ilinifanya nikae chini: doti 1,000 kwa shilingi milioni 10, nauli na bima humo humo mpaka bandarini. Nilipomwambia nitafikiria, akashusha asilimia 10, ikawa milioni 9. Akasema soko lao la Marekani limewaharibikia, wanatafuta wateja kwingine. Nikapiga hesabu: 9,000 kwa doti! Nikaenda kumuuliza wakala wa forodha hapa mjini. Akaniambia kanga zina ushuru wa nusu ya bei, halafu VAT juu yake. Nikazima simu siku mbili.

Hapo ndipo alipoingia shemeji, mdogo wake mume wangu, yuko Mombasa, anauza nguo. Akasema, "Shemeji unahangaika nini? Nakuletea kanga hizo hizo kwa milioni 13 mpaka mlangoni kwako, kila kitu ndani. Zinapita mpakani Horohoro kwa cheti cha Kenya, ushuru sufuri. Jumuiya ni moja." Mwagizaji kwenye karatasi nitakuwa mimi, kwa kuwa nina TIN na leseni. Kuhusu cheti, yeye ana mtu wake.

Alinitumia doti moja ya sampuli. Kanga nzuri, Mjomba, laini, bado inanukia wanga. Lakini nilipoikunjua niliona ukingo umekatwa kwa mkasi, pale ambapo huwa pameandikwa ilikotengenezwa. Kwenye kipande cha pili mkasi uliteleza, pamebaki herufi nne: NDIA.

Nilipomwonyesha mume wangu alisema ndugu ni ndugu. Mama mkwe amenuna, ananiambia mwanawe anataka kuniinua nami namtilia shaka. Naomba unieleze: mzigo ukishanunuliwa Kenya si umeshakuwa wa Kenya? Na nikikataa, nifanye nini na hizi bei?

Muuza kanga, Ngamiani, Tanga

MJOMBA ANAJIBU

Marahaba mpwa wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa ajili ya zile herufi nne tu. Mtu aliyeingia gharama ya kukata ukingo wa kanga anajua anachokifanya.

Nianze na swali lako. Mzigo haubadili kabila kwa kuuzwa. Kanga iliyofumwa na kuchapwa India ni ya India, ipite Mombasa, ilale Mombasa miezi sita, iuzwe na Mmombasa kwa Mtanga. Forodha haiangalii umenunua kwa nani, inaangalia kitu kimetengenezwa wapi. Hiyo ndiyo maana ya cheti cha uasili. Ili kanga iitwe ya Kenya ni lazima itengenezwe kule, au ifanyiwe kazi ya kutosha ya kiwandani kwa vigezo vya kanuni za uasili za Jumuiya. Kufungua robota, kukunja upya, kubandika nembo au kukata ukingo si kazi ya kiwandani.

Shemeji yako amechukua nusu ya ukweli akaiacha nusu. Ni kweli Jumuiya ya Afrika Mashariki ina umoja wa forodha tangu 2005, na bidhaa iliyotengenezwa kweli Kenya inavuka Horohoro bila ushuru wa forodha. Lakini umoja huo huo una upande wa pili: kwa bidhaa za kutoka nje, nchi zote zimekubaliana ukuta mmoja wa ushuru. Malighafi sufuri, bidhaa zilizotengenezwa nusu asilimia 10, zilizokamilika 25, na tangu Julai 2022 likaongezwa daraja la asilimia 35 kwa bidhaa ambazo viwanda vya kwetu vinazitengeneza vya kutosha. Juu ya hayo kuna orodha ya bidhaa nyeti. Sukari imo humo kwa asilimia 100, mchele 75, na kanga, kikoi na kitenge kwa miaka mingi vimekuwa humo kwa asilimia 50. Wakala wako hakukudanganya.

Ukuta ni huo huo Mombasa. Sasa jiulize, kanga za India zilizolipiwa asilimia 50 kwa haki, zikalipiwa VAT, akaweka na faida yake, shemeji angekuuzia vipi kwa 13,000? Twende kwenye karatasi.

Mzigo wako unafika bandarini kwa 9,000,000. Ushuru nusu yake, 4,500,000. Jumla 13,500,000. VAT ya asilimia 18 haipigwi kwenye ile tisa, inapigwa kwenye jumla iliyokwisha kubeba ushuru, nayo ni 2,430,000. Umefika 15,930,000, na hapo sijaweka tozo ya reli, ada za forodha, za bandari, wakala na gari. Kama mauzo yako hayajafika milioni 200 kwa mwaka na hujasajiliwa VAT, ile 2,430,000 hairudi popote, inabaki ndani ya bei ya kanga.

Tuandike sasa mzigo huo huo kwa cheti cha uongo. Ushuru sufuri, VAT 1,620,000, jumla 10,620,000. Serikali imekosa 5,310,000. Wewe unanunua kwa milioni 13, kwa hiyo ulichookoa ni 2,930,000. Shemeji anabaki na 2,380,000, atoe humo usafiri na chochote anachompa huyo mtu wake. Yeye anakula karibu nusu, na jina lake halipo kwenye karatasi hata moja. Mwagizaji ni wewe, TIN ni yako, tamko ni lako. Kanga zikishikwa atakaa Mombasa akupigie simu ya pole.

Nazo hushikwa. Mimi nilikaa upande wa mawakala wa forodha miaka 21 kabla ya magoti kunistaafisha. Mteja wangu mmoja alinijia na katoni za chupa za chai, cheti kizuri cha nchi jirani, muhuri umenyooka kuliko wa kweli. Siku hiyo mvua ilinyesha Horohoro kama ndoo imepinduliwa. Katoni zikalowa, karatasi mpya zilizobandikwa juu zikaanza kujikunja zenyewe pembeni, moja baada ya nyingine, na chini yake China ikawa inachungulia. Ofisa hakuuliza swali hata moja. Alisimama tu chini ya bati akizitazama zikibanduka. Mimi nilikuwa na kalamu mkononi nikasahau ni ya nini.

Wewe huhitaji hata mvua. Forodha yetu inaweza kuwaandikia KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, ambao ndio wanaotoa vyeti hivyo upande wa Kenya, na kuuliza: hiki mmekitoa ninyi, na kiwanda kipi kilitengeneza? Hata mzigo ukipita, sheria ya forodha ya Jumuiya ya 2004 inakutaka utunze karatasi miaka mitano, na wana haki ya kurudi kuzikagua ukiwa umeshasahau rangi ya kanga zenyewe. Tamko la uongo adhabu yake inafika kifungo cha miaka mitatu au faini mpaka dola 10,000, na mzigo unaweza kutaifishwa. Kwa kuokoa 2,930,000.

Mchezo huu si wa Mombasa peke yake wala haukuanza jana. Marekani ilipoanza kuzipandishia ushuru bidhaa za China mwaka 2018, kampuni nyingi zilihamishia manunuzi Vietnam na Mexico. Wengi walihamisha kazi kweli, wakafungua viwanda. Wengine walihamisha lebo tu. Mwaka 2025 Marekani ikatangaza asilimia 40 kwa bidhaa itakayokutwa imepitishwa nchi nyingine ili kukwepa ushuru. Kila penye ukuta mrefu upande mmoja na mfupi upande wa pili, watu watazunguka. Anayezunguka kwa kuhamia kwenye kiwanda halali ni mfanyabiashara. Wa mkasi wewe umeshamjua.

Na huyo wa Jetpur anasema kweli kuhusu dhiki yake. Mji ule wa Gujarat unachapa vitambaa kwa wingi, kanga za kwetu zikiwamo, na viwanda vya nguo vya India vilipigwa kofi Agosti 2025 Marekani ilipofikisha asilimia 50 kwa bidhaa nyingi za nchi hiyo. Kiwanda kilichokosa oda ya Chicago kinakumbuka kwamba Tanga nako watu wanavaa. Punguzo hilo ni jema kwako kwa namna ambayo pengine hukuiona: kwa kuwa ushuru unapigwa kwa asilimia, kila shilingi anayoshusha kule inashuka huku pamoja na ushuru na VAT yake. Milioni moja aliyokupunguzia inakupunguzia 1,770,000 mwishoni. Lakini ni punguzo la dhiki. Oda za Marekani zikiwarudia, bei yako inapanda. Usijenge duka juu yake.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nadhani hukutarajia. Ulinilalamikia Kariakoo. Angalia tena hesabu: kwa njia ya halali, kanga ya Jetpur inakufikia kwa 15,930 kabla ya tozo ndogo ndogo, wakala na gari. Ukiziweka, kwa mzigo mdogo kama wako, utagusa 16,500 na pengine kuipita. Ndiyo bei ile ile ya Kariakoo! Yule unayemwona mlafi analeta kontena zima, nauli yake inagawanyika kwenye maelfu ya doti, na faida yake inatoka hapo. Uchungu wa bei ile ni ushuru, na ushuru ule umewekwa makusudi ili mimi na wewe tuitazame mara mbili kanga ya Dar kabla ya kuikimbilia ya India. Naelewa wateja wako wanairudisha. Hata mke wangu anairudisha. Lakini ukuta uliwekwa kwa ajili ya mkono huo unaorudisha.

Kwa hiyo, mpwa wangu, usiagize India mwenyewe kwa mtaji huu. Ungekuwa na wenzako watano sita wa kuchangia kontena ningekwambia tofauti. Bandari yetu siku hizi ina kina cha mita 13 na meli inafunga gatini, si zile enzi za kushusha mizigo kwenye matishari kule nje na kuhesabu robota lililolowa ni la nani. Mwenzako wa Pangani anaweza kuwa wa kwanza. Mkifika huko, lipeni kwa benki, mkidai na ankara yenye punguzo limeandikwa, maana forodha wakiona bei ya chini kuliko waliyoizoea watataka uthibitisho. Na msiagize mzigo wa kufika mwishoni mwa Juni bila kufikiri. Bajeti inasomwa Juni, viwango vipya vinaanza tarehe 1 Julai, na kinachokuhusu ni kiwango cha siku unapowasilisha tamko la kuingiza mzigo. Siku uliyolipa India haihesabiki. Nimeona watu wanalia kwa wiki moja ya kuchelewa kwa meli. Nimeona na mmoja aliyecheka, lakini mmoja tu.

Kwa sasa fanya hivi. Kanga za India endelea kuzichukua Kariakoo, lakini chache, zile za harusi na za Idi ambazo mteja analipa bila kubishana. Ukiziuza 19,000 umejiuza mwenyewe, hizo ni za 21,000, jaribu uone nani ataondoka. Nafasi inayobaki kwenye rafu jaza kanga za ndani, ila usizinunue kwa mchuuzi wa tatu. Panda basi siku moja uende mpaka kwa msambazaji anayechukua kiwandani Dar. Chukua sampuli za michapo mitatu minne, zifue nyumbani mara tatu kwa sabuni ya unga, zianike juani, ndipo uamue. Si zote zinachuja. Nyingine tatizo lake ni wanga mwingi tu, zikifuliwa mara moja zinalala mwilini vizuri, na hilo unaweza kumwonyesha mteja kwa kuning'iniza mlangoni moja iliyofuliwa na moja mpya.

Kenya nayo usiifute. Ukipata kanga au kitenge kilichotengenezwa kweli kule, ile ndiyo faida halali ya Jumuiya. Kiwanda cha kule kikikuuzia mzigo kwa milioni 15 ukauvusha bila ushuru, kwako ni sawa na kumlipa Mhindi milioni 10. Sasa unaona kwa nini bidhaa ya jirani inaweza kuwa ghali kiwandani na bado ikawa rahisi dukani. Kwa mizigo midogo isiyozidi dola 2,000 kuna hata cheti cha uasili kilichorahisishwa, kinatolewa hapo hapo mpakani kwa bidhaa zilizomo kwenye orodha. Muulize ofisa wa Horohoro kama kanga imo kabla hujatoa hela.

Na hapo ndipo pa kumpitishia shemeji bila kumvunja uso. Usimwambie mama mkwe kwamba mwanawe ni mwizi, utaishi na neno hilo mpaka upate wajukuu. Mpigie shemeji mwenyewe, mumeo akiwa amekaa pembeni anasikia, umwambie: "Shemeji, nakushukuru, niko tayari kununua kwako. Nitafutie kanga za kiwanda cha Kenya, uniletee jina la kiwanda na ankara yake, na kwenye karatasi wewe uwe muuzaji kwa jina lako na TIN yako ya huko. Cheti tutakiomba wote wawili." Akikubali, umepata mtu wa Mombasa anayekufanyia kazi, na hiyo ni mali. Akianza kukwambia jina lake lisiandikwe, mumeo atakuwa amelisikia kwa masikio yake, na wewe hutakuwa na haja ya kueleza tena kuhusu mkasi.

Ile doti ya sampuli usiiuze na usiirudishe. Ivae nyumbani, kile kipande cha NDIA ukiweke juu.